Miti ya Kigeni Uani Pwani

Msafiri Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331, alikuta kisiwa kisicholima nafaka. Ililetwa kutoka nje. Matunda yalikuwepo: ndizi, malimau, na tunda tamu lenye kokwa kama ya zeituni aliloliita jamuni, ambalo wengi huamini ni zambarau. Kabla ya hapo, huko Mogadishu, alikuwa ameandaliwa wali kwa achari ya malimau na maembe.

Lakini mwembe na mzambarau, miti ya matunda hayo, asili yake ni Asia.

Baadaye Wareno, walioanza kufika pwani hii mwaka 1498, walifungua njia kwa miti ya Amerika: mpapai, mpera, mstafeli, mkorosho. Mingi ikabaki karibu na nyumba, ikitoa matunda na kivuli. Mkorosho ukavuka ua, ukawa zao kuu la biashara Mtwara na Lindi.