Nyambizi katika Ghuba ya Oman

Vita Kuu ya Pili iliingia hadi ndani ya bandari ya Maskati. Tarehe 28 Juni 1943 nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga topido meli ya mizigo Dah Pu pale pale bandarini, ikazama. Zilizowindwa hasa ni shehena za mafuta kutoka Abadan, maana majeshi ya Uingereza yaliyategemea mafuta hayo. Kulinda njia ya shehena hizo kulihitaji ndege.

Kikosi cha 244 cha jeshi la anga la Uingereza kilirusha Bisley, ndege za mabomu zenye injini mbili na watu watatu ndani. Zilikuwa nzito, injini zake dhaifu, na joto la Ghuba lilizidi kuzichosha. Tarehe 16 Oktoba 1943 Sajini Lewis William Chapman, akiwa rubani wa mojawapo, aliiona U-533 ya Kijerumani juu ya maji. Nyambizi hiyo ya Kapteni Helmut Hennig ilikuwa imeondoka Lorient, Ufaransa, mwezi Julai na kuizunguka Afrika.

Bomu la kina hulipuka kwa mgandamizo wa maji, na lisipolipukia karibu sana na ubavu wa nyambizi halifanyi kitu. Kwa hiyo rubani hawezi kuliachia akiwa juu. Lazima ashuke hadi karibu kuyagusa mawimbi, aende moja kwa moja bila kuyumba, huku akijua kwamba nyambizi ina mizinga ya kutungulia ndege. Akichelewa kidogo tu, imekwisha kuzama na kumponyoka. Chapman alishuka, akaachia mabomu yake, na U-533 haikuibuka tena.

Walikufa 52. Baharia mmoja, Günther Schmidt, alichomoka nyambizi ikiwa tayari inadidimia, akaogelea saa 28 hivi bila jaketi la kuokolea, hadi alipookolewa karibu na Khor Fakkan. Chapman alitunukiwa nishani ya DFM, waliyopewa wanahewa wasio maofisa kwa ushujaa wa angani. Aliistahili, na mimi nauhesabu uogeleaji wa Schmidt kuwa ushujaa wa kiwango hicho hicho.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kuithamini kazi ya marubani hawa. I-27, ile iliyopiga Maskati, haikupatikana mwaka huo. Tarehe 12 Februari 1944, karibu na Maldivi, iliizamisha meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ikiwa na askari wa kikosi cha mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki, wauguzi na mabaharia. Meli ilizama kwa dakika mbili hivi, wakafa watu 1,297. Manowari Petard na Paladin ziliimaliza I-27 siku hiyo hiyo.

Mabaki ya U-533 yaligunduliwa na wapiga mbizi mwaka 2009 nje ya Fujairah, zaidi ya mita 100 chini ya maji.