Hodi Isiyo na Mgeni: Maonyo ya Ukuta wa Moto katika Mwaka 2003

Mwenye kompyuta nyumbani asomapo kwamba ukuta wa moto, yaani programu ichujayo mawasiliano, umezuia anwani asiyoijua, hujiuliza: ni nani anitafutaye? Historia yatujibu kwamba mara nyingi hatafutwi yeye hasa.

Tarehe 25 Januari 2003, mnyoo wa kompyuta uitwao Slammer, wenye baiti 376 tu, ulianza kujituma kwa anwani zilizookotwa ovyo. Hapo mwanzo mashine zilizoambukizwa ziliongezeka maradufu kila sekunde 8.5. Mnyoo huo ulilenga hifadhidata za SQL Server. Hata hivyo ulibisha hodi hata kwa wasiokuwa nazo, kwa kuwa haukuchagua.

Mwezi Agosti ukafuata Blaster, uliopitia mlango namba 135 wa Windows. Hapa pana jambo la kusikitisha. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha ufa huo tangu 16 Julai. Tena Windows XP ya mwaka 2001 ilikuwa na ukuta wake, ila ulilala mpaka mwenyewe auamshe! Ni Agosti 2004 tu ndipo toleo la marekebisho lilipouwasha tangu mwanzo.

Kwa maoni yetu, hodi ya nje iliyokataliwa yaonyesha ukuta ukifanya kazi. Onyo la kuchunguzwa kwanza ni la programu ya ndani itakayo kutoka bila kutumwa, maana kila mashine iliyoingiwa na Blaster iligeuka nayo kuwa mbisha hodi kwa jirani zake.