Wakristo Wanaamini Nini Kuhusu Mungu?

Sifa njema zote ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baad:

Vijana wetu wengi wakiulizwa itikadi ya Wakristo hujibu haraka: "Wana miungu watatu." Mkristo akilisikia hilo huona kuwa hatumjui, na mazungumzo huishia hapo. Nasi tumeamrishwa uadilifu hata kwa tusiopatana nao (al-Maidah, aya ya 8), na kumsemea mtu asichokisema si uadilifu. Basi tuanze na kauli yao wenyewe.

1. Mungu ni mmoja. Wanaamini kuwa Muumba wa mbingu na ardhi ni mmoja, wa milele.

2. Utatu. Mungu huyo mmoja, kwao, yumo katika nafsi tatu: Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, na dhati ni moja isiyogawika. Bibi Maryam (a.s.) hayumo katika hizo tatu. Wakatoliki na Waorthodoksi humtukuza na kumtaka awaombee, lakini hawasemi kuwa ni Mungu.

3. Umwilisho. Wanasema Mwana alitwaa mwili wa binadamu, akazaliwa na Maryam, akasulubiwa na kufufuka ili awakomboe watu na dhambi. Neno "Mwana" kwao halina maana ya kuzaa kwa kimwili.

Matamko haya yalipangwa kwa hatua. Arius, padri wa Alexandria, Misri, alifundisha kuwa Mwana ni kiumbe. Mwaka 325 mfalme Constantine aliwaita maaskofu Nicaea, Uturuki ya leo, wakapitisha kuwa Mwana ana dhati moja na Baba. Mwaka 381, Constantinople, ukathibitishwa uungu wa Roho Mtakatifu. Mwaka 451, Chalcedon, ikaamuliwa kuwa Issa ni nafsi moja yenye maumbile mawili, ya uungu na ya utu. Wakopti wa Misri hawakuikubali kauli hiyo. Na hadi leo wapo wanaoukataa Utatu, kama Mashahidi wa Yehova.

Ama sisi, Issa (a.s.) ni mja wa Allah na Mtume Wake. Hakusulubiwa, wala hana sehemu katika uungu. Allah ni Mmoja, hakuzaa wala hakuzaliwa, na umoja Wake haukubali nafsi tatu. Hapo ndipo penye khitilafu ya kweli, wala haihitaji kutiwa chumvi.

Kwa hivyo, ndugu yangu, ukizungumza na jirani au mfanyakazi mwenzako Mkristo, usimwambie, "Nyinyi mna miungu watatu." Mwambie, "Nyinyi mwasema Mungu ni mmoja katika nafsi tatu. Sisi twasema ni Mmoja tu. Tuzungumze." Akikubali kuwa umeieleza kauli yake sawasawa, atakuwa tayari kuisikiliza yako. Na huko ndiko kujadiliana kwa njia iliyo bora tulikoamrishwa katika al-Ankabut, aya ya 46.

Wallahu aalam.