Bili ya hospitali imelipwa na mwingine: Je, bima bado inadaiwa?

Na Mwandishi Wetu

TUSEME abiria wa daladala jijini Dar es Salaam amevunjika mguu. Bili ya hospitali, Sh800,000, imelipwa na mfuko wa bima ya afya. Anapopeleka madai kwa kampuni iliyokatia daladala hiyo bima, anajibiwa kwamba gharama zimekwishalipwa, hivyo hana anachodai.

Jibu hilo si la kupokelewa hivi hivi. Kwanza ijulikane anayedaiwa ni nani.

Mgonjwa mwenye bima mbili za matibabu hawezi kulipwa bili moja mara mbili. Bima hizo hufidia hasara, hazileti faida. Msingi huo ulisisitizwa Uingereza katika kesi ya Castellain dhidi ya Preston mwaka 1883. Bima ya ajali inayotoa kiasi maalumu kwa kuvunjika mguu ni tofauti: hulipa hata kama bili imekwishalipwa.

Kwa aliyesababisha ajali, mambo hubadilika. Mwaka 1874 abiria wa treni, Bradburn, alilishitaki shirika la reli la Great Western la Uingereza. Fidia yake ilikuwa pauni 217. Shirika likataka zipunguzwe pauni 31 alizolipwa na bima yake ya ajali. Mahakama ilikataa, kwa kuwa bima hiyo aliigharimia mwenyewe. Kesi hiyo ina uzito hata Tanzania, ambayo sheria yake ilipokea misingi ya mahakama za Uingereza iliyokuwapo Julai 22, 1920.

Michango je? Mwaka 1947, katika kesi ya Redpath, mahakama ya Ireland Kaskazini ilikataa fidia ipunguzwe kwa sababu ya fedha zilizochangwa na umma kwa majeruhi wa ajali ya treni. Ndugu wanaochangishana kwa ajili ya matibabu, kwa hakika, hawamchangii dereva.

Hata hivyo, mgonjwa asidhani fedha zote ni zake. Bima iliyofidia gharama za matibabu kwa kawaida ina haki ya kusimama mahali pake na kumdai mkosaji, au kurejeshewa ilichotoa pindi yeye akilipwa.

Hapo ndipo penye mtego. Akitia saini hati ya kumaliza madai yote kwa Sh200,000, huenda ameufungia njia mfuko uliomlipia, nao ukamgeukia yeye. Kabla ya kutia saini, awe na nakala ya bili, maelezo ya nani alilipa nini, na fomu ya polisi ya PF3. Kampuni ikikataa bila sababu, malalamiko hupelekwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA).