Kufunga kabla ya upasuaji

Kufunga kabla ya upasuaji ni kuacha kula na kunywa kwa muda fulani kabla ya kupewa nusukaputi, yaani dawa ya usingizi mzito. Lengo ni kuzuia yaliyomo tumboni yasipande kooni na kuingia mapafuni. Wengi hudhani chakula kitamzuia daktari kupasua tumbo; sivyo, kwani sharti hilo humhusu hata anayepasuliwa mguu.

Kwa kawaida msuli ulio mwisho wa umio huzuia chakula kisirudi juu, na kitu kikipotea njia mtu hukohoa. Nusukaputi hulegeza msuli huo na kuondoa kikohozi, hivyo mgonjwa anaweza kucheua kimyakimya. Vipande vya chakula huziba njia ya hewa. Asidi huunguza mapafu.

Hatari hizo mbili zilitofautishwa mwaka 1946 na Curtis Mendelson, daktari wa uzazi wa New York, Marekani. Katika kumbukumbu za wajawazito 44,016 wa miaka 1932-1945 alikuta 66 walioingiwa na vitu vya tumboni mapafuni. Wawili walifariki, wote kwa kuzibwa na chakula kigumu. Kisha akaonyesha kwa majaribio ya sungura kwamba madhara ya majimaji ya tumboni hutokana na asidi yake. Madhara hayo huitwa sindromu ya Mendelson.

Kwa miaka mingi wagonjwa walikatazwa hata maji tangu usiku wa manane. Ulikuwa ukali usio wa lazima, maana maji hutoka tumboni haraka. Miongozo mingi ya sasa huruhusu maji hadi zibaki saa 2, maziwa ya mama saa 4 na mlo mwepesi saa 6. Nyama na vyakula vya mafuta huhitaji saa 8 au zaidi. Chai ya rangi huhesabiwa pamoja na maji, lakini ikitiwa maziwa ni chakula, na hapo ndipo wengi hukosea.

Hata hivyo saa pekee hazitoshi. Maumivu makali, ajali, mofini na kisukari cha muda mrefu huchelewesha chakula kutoka tumboni. Mimba hulegeza ule msuli wa umio. Kwa watu hao, na katika upasuaji wa dharura, mtaalamu wa usingizi huchukulia kwamba tumbo limejaa. Huwapa oksijeni kwanza, huwalaza kwa dawa za haraka, kisha huingiza katika koo la hewa mrija wenye kiputo cha kuziba pembeni. Mgonjwa aliyekula akanyamaza, kwa kuogopa kuahirishiwa, humnyima mtaalamu nafasi ya kujiandaa hivyo.