Udhibiti wa Maji ya Ardhini Kwenye Mashimo ya Ujenzi

Udhibiti wa maji ya ardhini ni jumla ya mbinu za kushusha au kuzuia maji yaliyomo katika udongo na miamba, ili shimo la ujenzi lichimbwe na msingi ujengwe kwa usalama bila kuidhuru ardhi ya jirani.

Istilahi hii ni ndefu kuliko maneno yanayosikika zaidi kazini: kukausha shimo, kutoa maji, kuvuta maji. Hata neno la Kiingereza linaloandikwa katika mikataba mingi lina maana ya kuondoa maji, na walioitafsiri maana hiyo moja kwa moja wamepata "uondoaji maji" au "ukaushaji". Maneno yote mawili yanataja sehemu tu ya kazi. Mhandisi akisoma "ukaushaji" huwaza pampu, fundi huwaza pampu, na mwenye jengo hulipia pampu. Kuzuia maji yasiingie, kupima usawa wake upande wa majirani na kuamua siku ya kuzima mashine ni kazi zinazobaki bila jina, na kazi isiyo na jina ni rahisi kuachwa nje ya bajeti.

Tuanze na ardhi yenyewe. Chini ya kina fulani, nafasi zote zilizo kati ya chembe za udongo hujaa maji. Mpaka wa juu wa maji hayo ndio usawa wa maji ya ardhini, nao hupanda masika na kushuka kiangazi. Shimo likivuka usawa huo, maji huanza kuliendea. Mwaka 1856 mhandisi Mfaransa Henry Darcy, aliyeupatia maji mji wa Dijon, alichapisha kanuni inayotumika hadi leo: kiasi cha maji kinachopita kwenye mchanga hutegemea tofauti ya kimo cha maji kati ya pande mbili na jinsi mchanga huo unavyopitisha maji. Changarawe hupitisha maji kwa wingi, na mfinyanzi karibu hauyapitishi kabisa. Kwa hiyo uchunguzi wa udongo hutangulia uchaguzi wa mashine.

Udhibiti una matawi mawili makuu. Tawi la kwanza ni ushushaji, yaani kuvuta maji mpaka usawa wake uwe chini ya sakafu ya shimo. Njia nyepesi ni kuchimba kijishimo pembeni, kuyaelekeza maji humo kwa mifereji na kuyatoa kwa pampu. Njia hii hufaa shimo fupi katika udongo mgumu au changarawe. Katika mchanga laini ni ya hatari, kwa sababu maji huingia shimoni yakiwa yamebeba mchanga, na kingo hubomoka.

Kwa mchanga wa namna hiyo hutumika mabomba-chujio: mabomba membamba yenye chujio mwishoni, yaliyopangwa kulizunguka shimo kila baada ya mita moja hadi tatu, yote yakiungwa kwenye bomba kuu moja linalonyonywa na pampu iliyo juu. Uwezo wake una kikomo. Kama mtu anywaye dafu kwa mrija, pampu hiyo haiyainui maji kwa nguvu zake yenyewe. Hupunguza hewa ndani ya bomba, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji kupanda. Kinadharia kikomo ni kama mita 10, lakini kazini hupatikana mita 5 hadi 6. Zaidi ya hapo hupangwa safu ya pili chini ya ile ya kwanza, au huchimbwa visima virefu, kila kimoja na pampu yake iliyozamishwa ndani ya maji. Visima hivyo hushusha maji kwa makumi ya mita. Wazo lenyewe ni la zamani: katika handaki la reli la Kilsby, Uingereza, lililokamilika mwaka 1838, Robert Stephenson aliushinda mchanga uliojaa maji kwa kuvuta maji yake kwa mashine za mvuke kwa miezi mingi.

Tawi la pili ni uzuiaji. Hapa maji huachwa mahali pake, na shimo ndilo linalozungushiwa kizuizi. Kizuizi chaweza kuwa mabamba ya chuma yaliyopigiliwa ardhini na kushikana kingo kwa kingo. Chaweza kuwa ukuta wa zege uliomwagwa ndani ya mtaro mwembamba, ambao kingo zake hushikiliwa na rojo la udongo wa bentonaiti hadi zege ifike. Rojo la saruji laweza kudungwa kwenye nyufa za mwamba. Na ardhi yenyewe yaweza kugandishwa kwa kuzungusha kimiminika chenye baridi kali ndani ya mabomba, mbinu ambayo Mjerumani Friedrich Hermann Poetsch aliipatia hataza mwaka 1883.

Kwa nini kuwe na matawi mawili wakati kuvuta tu kungetosha? Kwa sababu maji ya ardhini hubeba sehemu ya uzito wa kilicho juu yake. Kila mita moja inaposhushwa, udongo wa chini huongezewa mzigo wa karibu tani moja kwa kila mita ya mraba. Penye mfinyanzi laini, ardhi hutitia, na nyumba ya jirani ambaye hakushauriwa hupata nyufa. Mji wa Amsterdam umejengwa juu ya nguzo za mbao zinazodumu kwa sababu zimezama majini. Usawa ukishuka, hewa huzifikia nguzo hizo, nazo huanza kuoza.

Uzuiaji nao ukiwa na kasoro huua. Tarehe 3 Machi 2009 jengo la kumbukumbu za kihistoria la jiji la Cologne, Ujerumani, liliporomoka kando ya ujenzi wa reli ya chini ya ardhi. Kasoro katika ukuta wa zege wa ardhini iliruhusu maji na mchanga kumiminika shimoni, na ardhi iliyobeba jengo ikatoweka. Watu 2 walifariki katika nyumba za jirani. Maji safi yanayotoka kwenye pampu ni maji tu, lakini maji yenye mchanga ni ardhi ya jirani inayosafirishwa.

Pwani yetu ina jambo lake la ziada. Katika ardhi yenye mchanga au matumbawe kando ya bahari, maji baridi huelea juu ya maji ya chumvi. Kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia takriban mita 40 za maji baridi chini yake. Anayevuta bila kipimo huukaribisha mpaka wa chumvi kwenye visima ambavyo watu huvitegemea. Ndiyo maana penye visima vya jirani uzuiaji hupewa kipaumbele, au sehemu ya maji yaliyovutwa hurudishwa ardhini kupitia visima vya kurudishia.

Hata siku ya kuzima pampu ni sehemu ya udhibiti. Sakafu ya chini ya ardhi iliyo tupu husukumwa juu na maji. Pampu zikizimwa kabla jengo halijawa zito vya kutosha, sakafu hupasuka au jengo zima huinuka. Umeme ukikatika madhara ni yale yale, kwa hiyo jenereta na pampu ya akiba lazima viwepo tangu siku ya kwanza.

Ninapendekeza basi istilahi kuu iwe "udhibiti wa maji ya ardhini", na chini yake "ushushaji" na "uzuiaji". "Kukausha" libaki neno la mazungumzo. Baraza la Kiswahili la Taifa na wahandisi wakae pamoja wazisanifu istilahi hizi. Nanyi mnaoandika mikataba, wekeni chini ya kichwa hicho vipengele vitano, kila kimoja na bei yake: uchunguzi wa udongo, ushushaji, uzuiaji, upimaji wa usawa wa maji na majengo ya jirani, na masharti ya kuzima pampu. Kikikosekana kimoja, msitie saini.