JENERALI ALIYERUHUSU BUKOBA IPORWE



Vijana wetu hapa Hamugembe wanamjua Napoleon. Wapo hata wanaojua majenerali wa Kijapani waliowashinda Warusi mwaka 1905. Ukiwauliza ni jenerali gani aliingia Bukoba kwa mizinga, kimya! Basi leo tumtazame. Anaitwa James Marshall Stewart, ofisa wa Kiingereza wa jeshi la India.

Novemba 1914 alitumwa kuwatoa Wajerumani mlima wa Longido. Alishambulia alfajiri, na usiku wa siku hiyo hiyo akarudi alikotoka.

Juni 1915 akapewa kazi nyingine. Wajerumani walikuwa na mlingoti wa simu ya upepo hapa Bukoba, nao Waingereza wakataka uvunjwe. Stewart akapakia askari kwenye meli pale Kisumu. Tarehe 22 wakashuka kaskazini ya mji, tarehe 23 wakaingia. Mlingoti ukaangushwa, boma likalipuliwa.

Mpaka hapo ni vita. Sikiliza sasa kilichofuata. Kanali Driscoll alimwomba jenerali ruhusa askari wake wapore mji, na jenerali akakubali. Wakavunja nyumba, wakalewa pombe waliyoikuta, wakatembea wamevaa nguo za watu. Kisha wakapanda meli wakaondoka, Wajerumani wakarudi. Bukoba haikutekwa moja kwa moja mpaka katikati ya 1916.

Ndugu yangu, hata ngawira halali haichukuliwi kila mtu na mkono wake. Hukusanywa kwa amiri ndipo igawanywe, na sindano iliyofichwa ni ghuluul. Sembuse mali ya raia asiyeshika silaha!

Machi 1916 Stewart alitakiwa kuzunguka Kilimanjaro awafungie Wajerumani njia. Akachelewa, wakatoka. Jenerali Smuts akamlaumu, akaondolewa.

Unadhani alistaafishwa? La. Alipelekwa Aden, akawa mkuu wa mji na jeshi hadi 1920. Aliokabiliana nao huko ni Waislamu, askari wa Uthmaniya chini ya Ali Said Pasha, walioishika Lahej tangu 1915 na hawakuiachia mpaka vita viliposimamishwa.

Hesabu ya askari wake waliokufa Bukoba iliandikwa. Walioporwa ni babu zetu. Kama kwenu yupo mzee aliyesimuliwa na wazazi wake habari za siku zile mbili, kaa naye wiki hii, uandike anayosema, na jina la mtaa usiliache.